Jina ya Kutia Chini ya Picha

Jumatatu, 3 novemba 2025

Machine ya secrétariat yangu imekufa. Ao tuseme: imekataa kuamuka. Client moja alitia clé USB yake juu ya kutoa CV, écran ikakuwa nyeusi, ikaleta maneno ya kingereza, ikarudia nyeusi. Na batu balikuwa bamejaa ku mulango! Attestation, mialiko ya ndoa, devoir ya banafunzi. Nilibaambia bakuye kesho. Kesho na nini? Imprimante bila machine ni meza tu.

Solange, mwenye anatengenezaka ma téléphone hapa pembeni, aliacha kazi yake akakuya kuangalia. Anasema virusi imekula yote. Tena système yenyewe imezeeka, haipatake dawa tena. Ati ataniwekea ingine, ya bure, inaitwa Mint. Kama bonbon? Eeh, kama bonbon.

Nilicheka, mais roho haikutulia. Kitu ya bure — mwenye kuitengeneza anapataka faida gani?

Jumanne, 4 novemba

Inatembea! Na inatembea mbio kuliko zamani. Machine ileile, mzee ileile, sasa inaruka kama mutu ametoka hospitali.

Solange aliniacha nayo peke yangu. Ati: dada Sikitu, bonyeza tu, hauwezi kuiharibu. Miaka yote batu ba machine baliniambiaka kinyume — usiguse huku, usiguse kule. Basi nikagusa. Menu iko chini, kushoto. Fasi ya maandishi, fasi ya picha, fasi ya imprimante, kila kitu iko na jina yenye inajieleza. Imprimante ilijulikana yenyewe, nilitia kamba tu. Alama ya é ilinisumbua asubuhi yote, kumbe clavier, ile meza ya herufi, ilikuwa imewekwa ya inchi ingine. Solange alirekebisha mu dakika kidogo.

Nilitoa mialiko ya ndoa yote ya jana. Bwana arusi alisema rangi iko muzuri kupita mbele. Rangi ni ileile!

Jumatano, 5 novemba

Mvua mingi, client kidogo. Nilitafuta kubadilisha picha ya nyuma ya écran. Ziko nyingi: milima, ziwa, majani na umande. Na chini ya kila picha kuko jina ya mutu. Kila moja!

Nikauliza Solange ni ba nani. Ni bale balipiga hizi picha, bakazitoa bure, basi machine inaandika jina yao. Kisha akanionyesha fasi inaitwa «À propos». Kila programu iko nayo. Nikafungua ya kuchora, banaiita Gimp — majina yakaanza kupanda, kupanda, kama mwisho wa filme. Batu ba inchi sijue hata iko upande gani. Nikakaa tu kubasoma.

Bilali alinikuta vile. Bwana yangu anatoka ku camion na njaa, mie niko nasoma majina ya Wazungu na Wahindi. Ati: wewe, kila chungu lazima ufungue kifuniko. Kweli. Alinioa anajua.

Sasa niko najiuliza: yale maua ku pembe ya mialiko ya ndoa ya Butembo yote, nani alichora? Maua ni ileile tangu nilianza kazi. Kuko mutu alikaa chini siku moja, akaichora.

Ijumaa, 7 novemba

Kisha sala nilikuta Monsieur Éphraïm ku mulango, shati muzuri, clé mukononi. Alianza kazi si zamani ku coopérative moja ya kakao ya Beni, eko mu essai bado, banamupima kwanza. Banataka calendrier ya mwaka mupya. Kwa bamemba bote! Hii njo kazi kubwa ya mwaka kwangu, Alhamdulillah.

Alitia clé, picha ikatokea. Solange alikuya kuangalia, client aliyekuwa na photocopie alikuya pia. Bamama banne banakausha kakao, mikono yao kubwa, mulima Rwenzori nyuma na teluji yake, kuku moja chini. Rangi zinawaka. Nani alichora? Éphraïm akacheka. Hakuna mutu. Aliandika maneno ku téléphone, akaambia IA — ile akili ya machine — anataka nini, ikachora.

Chini anataka: «Image: Éphraïm», na herufi muzuri ya kulala.

Kisha yeye kutoka, niliikuza juu ya kupima kando ya karatasi. Kuku iko na miguu tatu! Nikahesabu tena. Tatu. Na ku pembe, chini kabisa, kuko alama kidogo nyeupe. Zinafanana herufi mais haziko herufi. Kama maandishi unaonaka mu ndoto: unajua ni jina, hauwezi kuisoma.

Machine inatia sahihi kwa nini?

Jumamosi, 8 novemba

Éphraïm alirudia kuona épreuve, ile karatasi ya kujaribu. Nilimuuliza zile alama. Ati ni takataka ya machine, Mama Sikitu, futa tu. Nikamuuliza ilitoa wapi wazo ya kutia takataka fasi yenye bachoraji banatiaka jina. Akakuna kichwa.

Haiko mwizi. Alitoa téléphone mwenyewe, akanionyesha. Ni ukuta. Alipita Mutwanga kwa kazi, akaona ukuta umepakwa muzuri, bamama banakausha kakao, akapiga picha. Kisha akaambia machine: fanya kama hii, mais ya kisasa. Mu picha yake, ku pembe, kuko herufi nyeupe kabisa: M. KAV — kisha tawi ya muti inafunika.

Nani huyu M. KAV? «Mama, ni ukuta tu. Iko inje. Batu bote banaiona.» Alisema vile na uso safi. Na akaniuliza, kwa heshima: kosa iko wapi? Alikaa siku mingi akibadilisha maneno, kurudilia, kutupa, kurudilia, mpaka ikamupendeza. Hiyo pia si kazi?

Nilimulomba tu anitumie ile picha ya ukuta.

Bilali aliiangalia kidogo tu, akaijua. Dispensaire ya Mutwanga, anapakiaka kakao karibu na pale. «Ni Mama Mariette. Mariette Kavugho. Kule kila ukuta yenye kusema ni yake.»

Jumatatu, 10 novemba

Bilali alinipatia numéro. Inaita, inakatika. Réseau ya simu ya kule.

Éphraïm alituma message: président wa coopérative ameona picha, ameitika, tuanze kutoa juma ijayo. Solange anasema iko rahisi: andika jina ya yule mama, kwisha. Mais nitaandikaje jina ya mutu chini ya kitu hajaona?

Kesho Bilali anapanda Beni. Nimemwambia nitakuwa mu cabine. Hakuuliza hata juu ya nini. Alisema tu: kifuniko.

Jumatano, 12 novemba

Beni, kwa dada yangu Sifa. Jua ingali juu, Sifa eko sokoni, niandike mbele sijasahau.

Asubuhi tuliuliza bamotard ba pikipiki kwanza kama njia ya Mutwanga iko salama. Iko salama leo, basi twende. Vumbi mpaka mu meno. Kisha milima ikakuwa karibu, hewa ikapoa, kakao imeanikwa mbele ya kila nyumba, na harufu yake ile ya kuchacha kama pombe.

Nilimukuta Mama Mariette juu ya échelle, ngazi ya mbao, mbele ya salon de coiffure, eko anapaka nywele ya mwanamuke mwenye haana macho bado. Nikamuita. Akashuka pole pole. Mama wa miaka kama yangu, kitambaa ku kichwa, rangi mpaka ku masikio. Nilisema jina yangu, Sikitu wa secrétariat ya Butembo, bibi ya Bilali wa camion. Akanisalimia na kifundo ya mukono, kwa sababu vidole yake ilikuwa na rangi ya bluu.

Nikamupatia épreuve. Aliiangalia mbali, kisha karibu. Kwanza akacheka, akacheka! «Engoko ya miguu tatu! Itatembea namna gani?» Nikacheka naye. Kidole yake ikapita juu ya mikono ya bale bamama.

«Mikono ni yangu. Mie njo ninafanyaka mikono kubwa kupita kichwa. Kwa sababu ya kazi yenye inafanya.»

Kidole ikapanda ku sura. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya ine. Ikarudia nyuma.

«Mais hawa bote ni mutu moja.»

Kweli! Nilikuwa nimehesabu miguu ya kuku, sikuona sura. Binti moja muzuri, ngozi laini, meno nyeupe, mara ine.

«Kanyere eko wapi?» aliuliza.

Sikufahamu. Akanikamata mukono, tukaenda mpaka dispensaire. Na mie niliyezoea kuona ile ukuta mu téléphone — Mungu wangu. Ni kubwa. Bale bamama banakuangalia ukifika. Hapana, si wewe banaangalia: banaangaliana. Moja eko anaongea hadithi, bengine banangoja kucheka. Yule wa kuongea iko na jicho moja kidogo kuliko ingine. Huyo njo tantine Kanyere, Mariette akaniambia. Alifundisha kartier yote kukausha kakao bila kuiozesha. Siku moja alienda shamba na bengine, hakurudia. Picha yake hakuna hata moja, ile ya carte ya kitambulisho ilikuwa mu begi aliyobeba. Kunabakia tu hii.

Tukiwa tumesimama, mwanamuke moja alipita na muzigo ku mugongo. Akagusa ukuta pale ku mukono wa Kanyere, bila kusimama, akaendelea na njia yake. Mutoto wa Kanyere, Mariette alisema. Banapitaka vile.

Nilimuuliza basi. Nitie jina yako chini ya calendrier?

«Hapana!» Mbio kabisa. «Ukitia jina yangu, batoto ba Kanyere bataniuliza nimepeleka mama yao wapi.»

Nitie ya Éphraïm?

«Ile mikono alitoa wapi?»

Basi tuache bila jina?

«Sasa bila jina, mama, mwenye kukasirika atauliza nani?»

Alinipikia bitoke, ndizi ya kupika, na maharagi. Tukila, aliniuliza machine yangu inajua kupaka. Nikamuelezea Mint, na ile programu ya kuchora, na majina yenye inapanda. Bale bote balitiwa majina? Bote. Na ile ingine, yenye ilizaa engoko? Nikasema ile haina fasi ya kufungua. Nilitafuta.

Akacheka tena, mais si kwa nguvu. Ati juma ijayo atashuka Butembo kununua rangi, atapita kuona. Wasingya, asante, nikamuambia. Ni neno ya kinande nililojua vizuri, nikaitumia yote.

Alhamisi, 13 novemba

Butembo. Nilimuita Éphraïm ku téléphone, nikamuelezea yote, ukuta, Kanyere, sura moja mara ine.

Akajibu: «Mama Sikitu, nilikuletea kazi ya kutoa ku karatasi. Haikuwa kazi ya kuhukumu.»

Nikasema sihukumu. Nauliza tu. Akasema kuuliza kwako kunaweza kunifukuzisha kazi. Na kweli, inaweza! Eko mu essai, président ameitika, sasa aende kumuambia nini?

Kidogo mbele ya mangaribi alituma mutu kukamata clé.

Jumamosi, 15 novemba

Kimya. Photocopie tu. Solange anasema ameona gari ya coopérative mbele ya imprimerie ya kule chini.

Bilali anasema kazi ingine itakuya. Hakusema tena habari ya kifuniko. Njo nikajua anahangaika.

Jumatatu, 17 novemba

Éphraïm alirudia! Yeye mwenyewe, bila shati muzuri, vumbi ya njia yote ku viatu.

Juzi alipeleka épreuve yangu ku dépôt, kule banapokeleaka kakao, aonyeshe bamama banaoleta kakao. Alifikiri batafurahi. Balifurahi kwanza — rangi, mulima. Kisha muzee moja mwanamuke akaweka kidole ku karatasi, akauliza: mulifanya nini Kanyere? Wa pili akakuya. Wa tatu. Balijua ile ukuta bote! Akabaambia ni machine. Bakamuuliza: machine ilimukasirikia juu ya nini?

Éphraïm akaketi ku kiti ya client. Alionekana mutu mwenye ametafuta kitu mu mifuko yote, hakuipata. Kisha akaniuliza si kwa hasira, kwa kutaka kujua kabisa: «Mama, wakati nilipiga ile picha, niliona rangi tu. Namna gani sikubaona?»

Nilimuambia hata mie nilihesabu miguu ya kuku.

Mariette anashuka Alhamisi. Nimemualika akuye.

Alhamisi, 20 novemba

Naandika hapa ku comptoir, beko mbele yangu. Nitaandika mbio.

Mariette alifika asubuhi na bidon ya rangi, Éphraïm alikuwa amekwisha kufika mbele yake. Alisimama kama mwanafunzi. Mariette njo alianza: «Njo wewe wa engoko?» Solange alitoka inje kucheka.

Éphraïm akasema alifikiri ni ukuta tu. «Ni ukuta,» Mariette akajibu. «Mais haikujipaka.» Akaomba pardon. Mariette alitaka kuona. «Nionyeshe namna unaambiaka ile machine.»

Basi Éphraïm akaketi ku machine yangu, akafungua. Mariette akamuambia maneno, yeye anaandika: mama wa Mutwanga, anakausha kakao, anaongea, jicho moja kidogo. Ikakuya. Mwanamuke muzuri sana. Mariette akainama karibu. «Haiko yeye. Jaribu tena. Sema pua pana.» Tena. «Sema alikuwa anapenda kudanganya batoto.» Éphraïm akamuangalia. Akaandika vile. Ingine ikakuya, inacheka na meno yote. Waliendelea, kila mara Mariette karibu zaidi, hata nikafikiri ataingia mu écran. Haikuwa hasira. Ilikuwa kama mutu anaita jina mbele ya nyumba, anangoja kama kuko mutu ndani.

Kisha: «Acha. Haimujue.»

Akaondoka ku écran, akapanguza vidole.

Éphraïm njo akapata wazo, si mie. Tuache ile picha. Tutie ukuta yenyewe! Bilali apitishe Solange kule na appareil muzuri ya picha, tawi ikatwe, tupige ukuta yote. Mariette akasema ataitika, mais majina ya bamama bote banne itiwe chini. Si yake. Yao.

Na yako? nikauliza. Nilishindwa kunyamaza. Ukuta haikujipaka, ulisema wewe!

Akanitupia jicho.

Éphraïm alitoka inje na téléphone kuongea na président. Tulimusikia: hapana, Président… ndiyo, mutu, iko na jina… hapana, si bure… bamemba benyewe baliuliza… Hakuongopa hata kidogo. Alisema: ile ya kwanza nilifanya bila kumuuliza.

Amerudia sasa hivi ku mulango, téléphone ku kifua. «Mama Mariette. Anaitika ukuta. Mais anasema chini ni ligne moja ya maneno, kisha ma logo. Jina moja tu. Eko anangoja.»

Nilifungua karatasi ya calendrier ku écran. Ligne iko, tupu. Nilitaka kumuandikia, mwenye kazi ni mie. Mariette akasema hapana. Amevuta clavier. Hajawahi kugusa clavier, anatafuta herufi na kidole moja, iko na rangi ya kijani ku kucha. Solange alitaka kumusaidia, nikamukamata shati.

Ameona K. Amebonyeza.

Kavugho ni K. Kanyere pia ni K.

Éphraïm: «Ndiyo Président, anaandika.»

Anatafuta tena. A. Yote mbili iko na A.

Kidole imeshuka ku mustari wa chini wa clavier, inatembea pole juu ya herufi. V ya jina yake na N ya Kanyere zinakaa jirani pale, kati yao kuko B tu —